Ubeti Huu Uache

Watu wa muziki walimwita Pazia, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu yake pekee iliyowahi kuonekana jukwaani. Bendi ilipopiga, yeye alisimama nyuma ya kitambaa chekundu kilichofifia, karibu kabisa na mgongo wa mwimbaji, akimnong'oneza kila mstari kabla haujaimbwa. Nyimbo zote zilikuwa zake. Sauti ilikuwa ya Chiriku.

Mungu alipomgawia Chiriku sauti alimjazia pomoni, na pengine ndiyo sababu kumbukumbu ilikosa mahali pa kukaa. Kusoma alijua sana. Gazeti alilimaliza hadi matangazo ya misiba, ila akifumbua macho sauti ilikataa kutoka. Lakini maneno ya wimbo yakiingia kichwani mwake yalikuta mlango wa nyuma uko wazi, yakapitiliza. Basi bendi ikajizoeza. Kila mstari ulipoisha, mpiga tarumbeta alijaza pengo dogo, na ndani ya pengo hilo Pazia alitamka mstari unaofuata, kwa sauti ya chini, bapa, isiyo na tuni hata chembe, maana angeuimba, Chiriku angeichukua na tuni yake, nayo ilikuwa mbovu. Chiriku alifumba macho, akapokea, akaimba. Hakuchambua. Mchukuzi hafungui gunia kuona amebeba nini.

Utaratibu huo ulikuwa na kasoro yake. Siku moja wakirekodi wimbo wa mapenzi, kiti kilimwegemea Pazia mguuni, akamwambia mtu aliyekikalia, "Sogeza kiti." Chiriku akaimba "sogeza kiti" kwa uchungu mkubwa, akaurudia mara ya pili kwa kuwa ulimkaa vizuri kooni. Wimbo ulitoka hivyo hivyo. Mchambuzi mmoja wa redioni alitumia kipindi kizima kueleza kwamba kiti ni madaraka. Pazia alimsikiliza hadi mwisho, akakiri kwamba hoja ilikuwa na nguvu.

Kunong'oneza alijifunzia hospitalini. Wazazi wake walifariki yeye akiwa bado wa kuvalishwa viatu, akalelewa na dada yake, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kazi ya uuguzi. Alipokua, dada akamtafutia kazi kwenye dirisha la kuwaita wagonjwa. Watangulizi wake walikuwa wakipiga makelele hadi wenye shinikizo la damu wakaongezewa. Yeye aligundua namna ya kulitamka jina la mtu likamfikia mwenyewe tu, na jirani yake kwenye benchi asigeuke. Kiongozi wa bendi, aliyekuja na kidole kilichovimba kwa nyuzi za gitaa, aliitwa kwa namna hiyo, akabaki amesimama dirishani.

"Wewe," alimwambia, "sauti yako inakwenda inakotumwa. Na maneno unayo?"

"Maneno ninayo mengi. Ila si yangu."

Hakutania. Pale dirishani watu humwaga mambo ambayo hata daktari hatayasikia, na Pazia alikuwa na sikio la kunasa. Mama aliyesema "mume wangu haumwi, ananuna kwa mwili mzima" aliusikia usemi wake redioni kabla dawa hazijaisha. Jirani aliyegombana na mkwewe juu ya kamba ya kuanikia nguo aliikuta kamba yake kwenye kiitikio, mtaa mzima ukiicheza. Wenyewe hawakumpiga. Walifanya jambo baya zaidi: waliacha kuzungumza. Pazia akiingia kwa kinyozi, mkasi ulisita, halafu mtu mmoja akasema, "Jua kali leo," na wenzake wakakubali kwamba ni kali kweli. Kwa habari za hali ya hewa, hakuna mtu mjini aliyekuwa na taarifa nyingi kumshinda.

Mkewe alivumilia nyimbo kadhaa. Alipoondoka hakusema neno hata moja, wala kwaheri. Si kwamba hakuwa na la kusema. Alikuwa akichukua tahadhari.

Akabaki dada.

Dada alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume, mwanamke mpana, mwenye mwendo ambao vitanda vilionekana kuupisha. Ndiye mtu pekee aliyeendelea kuzungumza na Pazia kama mtu anavyozungumza na nduguye: bila kupima. Alimpikia kila Jumapili, akamsuta kwa mashati yake, na wote wawili waliheshimu sharti moja lililowekwa tangu wimbo wa kwanza. "Ya meza hii yabaki kwenye meza hii," alisema dada. Na yalibaki, miaka yote. Pazia aliiba kwa kila mtu isipokuwa hapo, kama mwizi mwenye heshima zake asiyegusa nyumba aliyozaliwa.

Mwaka ule fundi saa alianza kubisha hodi kwa dada. Alikuwa mjane, mtu mpole wa kupepesa macho, ambaye mara nyingi alisahau ile lenzi yake ndogo jichoni, kwa hiyo alimtazama kila mtu kama ana kasoro ndani inayoweza kurekebishika. Akaleta posa. Dada akaomba muda wa kufikiri. Jumapili iliyofuata akamwita mdogo wake chumbani, akainama, akavuta sanduku kutoka uvunguni.

"Unalikumbuka?"

"Si lile la zamani? Nilidhani ulishalitupa."

Zamani hizo, kabla Pazia hajapata meno ya ukubwani, kijana mmoja dereva wa malori alimwambia dada, "Funga nguo zako, nikirudi tunaondoka." Dada alifunga nguo. Kijana hakurudi. Hiyo ni hadithi ya kawaida na haistahili wimbo. Ukiwapanga foleni wanawake walioambiwa hivyo itazunguka mji. Lakini dada hakulifungua sanduku ili kulimaliza. Alilifungua ili kulitunza. Kila mwaka aliziweka nguo juani, akabadilisha vidonge vya kufukuza mende, akazirudisha. Na mwili wake ulipoongezeka, alishona gauni lingine kubwa zaidi, akalitia humo, akalitoa dogo. Na ulipoongezeka tena, akashona tena.

"Yaani dada, limekuwa likinenepa pamoja na wewe?"

"Cheka, mwehu wewe." Alicheka mwenyewe, halafu akaacha. "Hili la juu nimelishona mwaka huu. Huyu bwana ananiletea posa, namfungulia mlango na sindano mkononi, nashona gauni la kuondokea na mwingine. Sasa niambie, mdogo wangu, mtu wa namna hii anaolewaje? Na nikimwambia, atakaa?"

Pazia alimwambia asubiri, ajipe muda. Yalikuwa maneno ya kawaida, kwani akili yake ilikuwa mahali pengine. Ilikuwa inahesabu mizani.

Lazima isemwe kwamba kisima chake kilikuwa kimekauka. Mtu ambaye anaambiwa habari za jua tu hatungi kitu. Kiongozi wa bendi alikwisha kumwonya mara kadhaa, na mara ya mwisho hakumkaripia, alimwita "mzee wangu" kwa upole. Pazia aliielewa dalili hiyo. Wiki ile ile akapeleka wimbo wa "Sanduku". Kiongozi aliusikiliza, akaondoa kofia, akaishika kifuani.

*Sanduku li uvunguni, limefungwa haliendi,* kiliitikia kiitikio. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa ahadi, wa pili wa nguo kutiwa jua. Wa tatu ndio uliomfanya mpiga ngoma aulize kama mwenye mambo haya yu hai:

*Mwili wangu umenona, gauni nikabadili,*
*Hodi yako nilijibu, la mwenzio mkononi.*

Pazia alijitetea kwa hoja ambazo zingempendeza wakili yeyote. Jina halikutajwa. Masanduku ni mengi duniani. Na dada hakuwa mtu wa kwenda kumbini wala kusikiliza redio. Alisema wodi humpa kelele za kutosha. Wimbo ulipangwa kuzinduliwa Jumamosi alasiri, kwenye ukumbi mkubwa, na tangazo lilibandikwa hadi kwenye ukuta wa hospitali.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo, fundi saa alifika hospitalini, kwenye dirisha ambalo Pazia hakuwahi kuliacha, lenzi ikiwa jichoni.

"Shemeji, nina tiketi zenu za leo. Mbele kabisa! Nimemwambia dada yako avae vizuri, ila hajui tunakwenda wapi."

Pazia alikuwa katikati ya kumwita mgonjwa. Jina lilimtoka kwa sauti kubwa, benchi zima likageuka.

"Dada hapendi kumbi," alisema.

"Ndiyo raha yenyewe. Kesho ananipa jibu langu, shemeji. Nataka leo acheke kidogo. Na wimbo ni wako! Atajisikia fahari."

"Mpeleke bustanini. Wanasema kuna upepo mzuri."

"Jua kali leo," alisema fundi saa, na kwa mara ya kwanza Pazia aliona kwamba mtu anaweza kuyasema maneno hayo bila kuficha kitu.

Alikwenda kwa kiongozi wa bendi kwa mwendo wa mtu ambaye suruali yake inaungua.

"Toa 'Sanduku'."

"Nitoe nini? Jina la onyesho ni 'Sanduku'. Hata kwenye ngoma tumechora sanduku."

"Basi toa ubeti wa tatu."

"Wewe una homa? Watu wanakuja kwa ubeti wa tatu. Nimewaimbia wa redioni kwenye simu, mmoja akalia."

"Ni wa mtu, kiongozi."

"Nyimbo zako zote ni za watu. Leo ndiyo umepata aibu?" Akamtazama, akalainisha sauti. "Mzee wangu, ukiwa umechoka, niambie tu."

Akaenda kwa Chiriku, aliyekuwa akipakwa rangi kucha, mikono imetandazwa mezani kama samaki wawili. "Kaka'ngu," alisema Chiriku, "mimi ukinipa nakula, usiponipa nalala njaa. Badili unavyotaka. Mimi najua lini kilichobadilika?"

Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa wokovu. Pazia alikaa kwenye ngazi za nyuma za ukumbi akatunga ubeti mwingine wa tatu, kuhusu mvua. Haukuwa mzuri. Ulikuwa na mizani kamili na haukumdhuru mtu, sifa mbili ambazo nyimbo zake hazikuwahi kuwa nazo kwa pamoja. Aliurudia hadi ulimi ukaukariri wenyewe.

Ukumbi ulijaa. Kwenye pazia palikuwa na tundu, la ukubwa wa kifungo, ambalo alilitoboa mwenyewe zamani ili kuona kama watu wanacheza. Alichungulia. Dada alikuwa safu ya mbele, kwenye gauni la kijani, akitazama dari kama anayekagua usafi. Fundi saa alimwambia kitu, dada akacheka akamgonga begani kwa mkoba. Pazia hakukumbuka kuwahi kumwona dada yake akimgonga mtu kwa mkoba.

Wimbo ukaanza. Ubeti wa kwanza, dada alitikisa kichwa kufuata ngoma. *Aliniambia ngoja, nami nikaketi chini.* Alicheka hata, kidogo, kama mtu anayemjua mtu wa namna hiyo. Kikaja kiitikio na sanduku lake, na kichwa kikaacha kutikisika. Ubeti wa pili: *Nguo nazitia jua, na tena nazirudisha.* Dada aliushika mkoba kwa mikono yote miwili. Aligeuza uso taratibu, akalitazama pazia. Hakutazama mwimbaji. Alitazama lile tundu.

Fundi saa alikuwa bado anatabasamu.

Kiitikio kikaisha. Tarumbeta ikajaza pengo. Ndani ya pengo lile Pazia alifungua kinywa atoe mvua, na mvua haikuwepo. Hakukuwa na neno lolote kichwani isipokuwa ule ubeti wenyewe, ukisubiri mlangoni kama mbwa aliyezoea kutolewa nje saa hiyo. Tarumbeta ilikuwa inafikia mwisho wake. Chiriku aliinamisha shingo nyuma, macho yamefumba, akidai. Na Pazia, kwa sauti ya chini, bapa, alisema jambo pekee alilokuwa nalo:

"Ubeti huu uache. Dada yangu yuko hapa."

*Ubeti huu uacheee,* aliimba Chiriku, *dada yangu yuko hapa.*

Mizani ilikaa sawasawa. Mtu akikaa muda mrefu katika kazi moja, hata hofu yake hutoka na vina. Ukumbi ulilipuka. Watu walisimama juu ya viti. Wakatazamana, wakacheka, wakaanza kutafutana: dada yupi? Yuko wapi?

"Chiriku, mama, nyamaza!" alisema Pazia.

*Chiriku, mama, nyamaza,* aliimba Chiriku, akaongeza mapambo mwishoni.

Kupitia tundu Pazia aliona viti viwili. Kimoja kilikuwa kitupu.

Hakumsikia akija. Mlango wa nyuma ulifunguliwa, wapagazi wa vyombo wakasogea bila kuambiwa, na dada akawa ubavuni mwake, anahema. Alimsogelea sikioni. Muuguzi hapigi kelele. Ana sauti ya chini ya wodini, ya saa za kulala.

"Nilikunyima nini mimi?"

*Nilikunyima nini mimi,* ukumbi uliletewa kutoka upande wa pili wa kitambaa.

Dada alishtuka, akalitazama pazia. Pazia aliweka kidole mdomoni, akamwelekezea mgongo wa Chiriku, ambao kivuli chake kilikuwa kimeinama nyuma, kikisubiri chakula kingine. Ukumbi ulikuwa unapiga miguu sakafuni. Tarumbeta, ambayo haikuambiwa lolote, ilijaza pengo.

Dada alikuwa ameendesha mashine nyingi maishani mwake. Alihitaji pengo hilo moja tu kuielewa hii. Alimsukuma mdogo wake pembeni kwa nyonga, kama anavyosukumwa mtu aliyesimama mbele ya kitanda cha mgonjwa, akaweka jicho kwenye tundu.

Fundi saa hakuwa anatabasamu tena. Tayari watu walikuwa wamemsonga, wakitaka kiti kilichoachwa wazi, na yeye aliweka kiganja juu ya kile kiti, amekikaza, akisema kitu ambacho hakikusikika. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefungua saa na kukuta ndani kuna kitu asichokijua.

Pazia aliona kinywa cha dada kinakaribia kitambaa. Dada angeweza kuondoka. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake, na nje kulikuwa na mchana.

"Gauni la mwisho nililishona wewe ukiwa umeshaanza kuja," alisema dada.

Haukuwa mstari wa wimbo. Ulikuwa mrefu, hauna mizani wala kina, na Chiriku aliubeba kwa shida, akiuvuta hapa na kuufinya pale, mpiga ngoma akimfuata kama anayefuata mlevi barabarani. Lakini ulifika. Ulifika kila neno.

"Ni kweli. Nililishona. Ukitaka kwenda, nenda sasa hivi, ila hicho kiti usikae unakishika."

*Hicho kiti usikae unakishika,* alimalizia Chiriku, na sauti ikapanda mahali ambapo haikuwahi kupanda.

Fundi saa alitazama jukwaa. Alikuwa mtu wa polepole. Kazi yake haivumilii haraka. Aliutazama mkono wake juu ya kiti, kama anauliza kama ni wa kwake. Hakuuondoa. Akatoa lenzi jichoni kwa mkono wa pili, akaitia mfukoni, akaendelea kukishika.

Wimbo huo ulivuma kuliko zote. Yule mchambuzi wa redioni alisema dada ni taifa. Kiongozi wa bendi aliacha kumwita Pazia "mzee wangu", akaanza tena kumkaripia, jambo lililowapendeza wote wawili. Chiriku aliambiwa alichoimba, akasema, "Kumbe? Ulikuwa mzuri."

Jumapili Pazia alikwenda kwa dada yake kama kawaida, na hakuwa na hakika kama atafunguliwa. Alifunguliwa. Fundi saa alikuwa ameketi mezani, na dada alikuwa amevaa gauni la zambarau ambalo Pazia alilifahamu, kwa kuwa alilitungia ubeti. Lilimkaa barabara. Hivyo ndivyo alivyotoa jibu lake.

"Dada," alianza Pazia.

"Kula kwanza."

Alikula. Hakuna aliyemsuta kwa shati. Alipoinuka, dada alileta sanduku, tupu, limefutwa vumbi, akalisimamisha miguuni pake.

"Chukua. Si ulilitaka?"

Alitembea nalo hadi kwake, na njiani, kwenye duka la kinyozi, redio ilikuwa inaliimba.

Dada na fundi saa walioana kimya kimya, na nyumba yao ina saa nyingi ukutani zisizokubaliana. Pazia huenda huko kila Jumapili na hajawahi kufungiwa mlango. Juzi alifika mapema kidogo. Akiwa kibarazani alisikia wanacheka jikoni, kicheko kile cha kukatana maneno, fundi saa akisema, "Hebu rudia, ulimwambiaje daktari?" na dada akirudia huku kicheko kinambana. Pazia alisimama. Sikio lake lilisogea lenyewe kuelekea mlangoni. Akalirudisha, akabisha hodi.

Kicheko kilikatika.

Mlango ulifunguliwa. Dada alikuwa amefunga kitambaa kichwani, ana unga mikononi, na macho yake bado yana maji ya kucheka. Alimtazama mdogo wake, kwa upendo, bila shaka yoyote kwa upendo, akasogea apite.

"Karibu," alisema. "Jua kali leo."

"Kali kweli, dada," alisema Pazia, akaingia.